Mguu Uliotiwa Samadi

Wajukuu zangu mnaovaa sare zilizopigwa pasi, mliniita hapa niwaambie jinsi ya kumweleza mtoto mdogo kwamba mtu wake ana saratani ya ngozi. Nadhani mmekosea mlango. Mtoto niliyemweleza mimi alielewa vizuri kabisa, akaenda nyumbani, akamtia babu yake samadi ya ng'ombe. Lakini chai mmeshanipa, kiti ni kizuri, na goti langu halitaki kusimama sasa hivi, basi nisikilizeni.

Miaka ile baada ya vita kubwa, Kyerwa ilikuwa bado ndani ya Karagwe, na kituo chetu upande wa Mabira kilikuwa chumba kimoja, kibaraza kimoja na mafiga matatu nyuma ya ukuta. Mkubwa wangu aliitwa Dresa Zakaria, mtu wa Muleba, Mlutheri, mwenye kaptura ya kaki iliyojaa wanga mpaka ikawa inasimama bila yeye. Dresa kazi yake ni kufunga vidonda, lakini kwetu alikuwa daktari na hakimu, na mchungaji akichelewa alihubiri pia. Mimi nilikuwa msichana niliyefundishwa kuchemsha vyombo na kukunja bandeji. Watu wakaniita Nesi, na mimi sikuwakataza.

Kazi yetu kubwa ilikuwa donda ndugu. Ninyi mnalisoma kwenye vitabu. Sisi tulikuwa tunalinusa kabla mgonjwa hajafika mlangoni. Mtu anajikata na jembe, au anachomwa na mwiba akichunga, anapaka majani anayoyajua mwenyewe, na baada ya muda ana shimo kwenye muundi ambalo unaweza kuweka limau ndani. Tuliosha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, tukatia yale maji ya zambarau ya pamanganeti, tukafunga. Bandeji zikiisha, na ziliisha kila mara, tulichukua jani changa la mgomba, tukalipitisha motoni mpaka likalegea, tukafungia hilo. Chekeni tu. Jani la mgomba halishikani na kidonda. Hizo bandeji zenu kavu mkizivuta, mgonjwa anaita mama yake aliyekufa zamani.

Zakaria alinifundisha kutazama kingo. Kidonda kinachopona kingo zake zinashuka na kuingia ndani. Kidonda kilichogeuka kingo zake zinapanda na kujikunja nje kama uyoga, ukizigusa ni ngumu, na damu inatoka hata kwa kuguswa na pamba. "Kidonda kilichokaa miaka na sasa kinaota," aliniambia, "usikipake dawa, kitafutie lori." Siku hizi mnasema saratani ya ngozi, na mnajua kwamba wengine wanaipata kwa jua, hasa ndugu zetu wenye ualbino. Wa kwetu wengi waliipata kwa kidonda kilichopuuzwa mpaka kikazeeka mwilini.

Hapo ndipo anapoingia Ta Bitegeko. Ta ni heshima yetu kwa mwanaume mtu mzima, na yeye alistahili heshima hiyo siku ambazo hakuwa anatutania. Alikuwa mkandaji wa rubisi, na ninyi mnaokunywa bila kuuliza, afadhali mjue inavyotengenezwa. Ndizi zilizoiva zinawekwa kwenye mtumbwi wa mti pamoja na nyasi, mwanaume anaingia miguu mitupu, anakanyaga mpaka maji ya ndizi yatoke, ndipo yanachachushwa kwa mtama. Ta Bitegeko alikuwa na kidonda kwenye muundi wa kushoto tangu ujana wake, kinafunga, kinafunguka. Siku za kukanda alikifunga kwa jani la mgomba, akaingia mtumbwini na miguu yake yote miwili. Watu walisema rubisi yake ina ladha ambayo hakuna mwingine anayeipata. Sisi pale kituoni tulijua ladha hiyo inatoka wapi, tukanyamaza, kwa sababu Dresa Zakaria naye alikuwa mteja. Alipokea kibuyu chake kupitia dirisha la nyuma, Mlutheri safi, akaniambia kwamba kitu kikichacha vizuri kila uchafu unakufa.

Siku Zakaria alipofungua lile jani akaziona kingo zimepanda, hakutania. Alinawa mikono mara mbili, halafu akasema:

"Ta Bitegeko, mguu huu utakuua. Ukienda Bukoba ukakatwa mapema, utaishi."

"Waitu, Dresa wetu," akajibu mzee, "mkandaji wa mguu mmoja atakanda nini? Nitarukaruka mtumbwini kama kunguru?"

"Bora kunguru kuliko marehemu."

Mzee akacheka, lakini nilimwona ameshika ukingo wa benchi. Mnisamehe kama ninaharakisha hapa, bado sipendi kukumbuka mikono yake ile. Alikuwa na wajukuu wawili nyumbani. Mama yao alikuwa amefariki. Baba yao alikwenda Buganda kutafuta kazi, akapata kazi, akapata na mke, akapoteza njia ya kurudi. Mkubwa alikuwa msichana, Kokuhirwa, tulimwita Koku, meno yake ya mbele ndiyo kwanza yameng'oka. Mdogo wake Mugisha alikuwa bado anatembea na shati bila suruali. Na baba zao wadogo, waliposikia habari ya mguu, walikuwa wameshawagawana: Koku angepelekwa Kihanga na Mugisha Kibingo, kama mbuzi wa urithi, na mwenye mali bado anapumua.

Ta Bitegeko akatutega. Akasema hawezi kuondoka bila watoto kuelewa kinachoendelea. "Waelezeni ninyi mliosoma. Wakielewa na wakikubali, nitapanda lori. Wakikataa, msiniletee tena habari za Bukoba." Alijua anachofanya. Aliona hakuna mtu Karagwe nzima anayeweza kumweleza mtoto wa umri ule jambo lile, na kwamba sisi tutashindwa, na yeye atabaki na mguu wake na mtumbwi wake.

Aliyeanza ni Zakaria. Alisimama mbele ya watoto, mikono nyuma, sauti ya Jumapili. Akasema ugonjwa umeingia kwenye ngozi ya babu, unakula nyama ya mguu, na usipozuiwa utamla babu mzima. Watoto wakatoa macho. Akawauliza kama wameelewa, wakaitikia ndiyo kwa pamoja, akanigeukia kwa ushindi.

Asubuhi yake nilipokwenda kubadilisha jani, nilikuta sahani tupu kando ya mguu. Koku alikuwa ameweka chakula chake cha jioni pale, ndizi na maharage, alipoona babu amelala.

"Kikishiba kitamwacha babu," akanieleza.

"Na kimekula?" nikauliza.

"Kimekula chote," akasema Ta Bitegeko kwa uso mkavu, na kipande cha haragwe kwenye ndevu.

Basi andikeni hilo vichwani mwenu. Usimwambie mtoto kwamba ugonjwa unakula mtu. Mtoto ana huruma, ataulisha.

Zamu yangu ikafika. Mimi sikusimama. Nilikaa chini kwenye nyasi za sakafuni, nikamenya karanga, nikawauliza wao wanajua nini. Hii ndiyo kazi yenyewe, na hamtaiona kwenye mtihani. Mtoto hajakaa akisubiri maelezo yako. Ameshajieleza mwenyewe, na mara nyingi amejieleza vibaya. Koku aliniambia kwamba kidonda kinanuka na kwamba anaogopa kitawarukia usiku. Halafu akainama sikioni kwangu, akasema Mugisha alijikwaa kwenye mguu wa babu siku moja damu ikatoka, na tangu siku ile Mugisha haongei.

Mimi nilidhani yule mtoto ni mkimya tu wa kuzaliwa. Kumbe alikuwa amebeba kesi ya mauaji, mtoto asiye na suruali. Nilimpakata, nikamwambia kidonda kile kilikuwepo kabla baba yake hajazaliwa. Nikawaambia wote wawili hakirukii mtu, hata ukilala naye kitanda kimoja, hata ukila naye sahani moja. Mugisha hakusema neno, ila alikula karanga zangu zote.

Kisha nikawaeleza ngozi. Nilimshika goti Mugisha, lilikuwa na gaga la kujikwaa. Nikasema: hapa ngozi inajishona yenyewe, ikimaliza kushona inaacha. Ngozi ya babu imejaribu kushona pale pale miaka mingi, ikachoka, mwisho ikasahau namna ya kushona. Sasa inaongeza nyama tu, juu na chini, haijui kuacha, na nyama hiyo si nzuri. Mpaka leo sijasikia maelezo bora kuliko hayo, hata kwa madaktari waliokuja na ndege.

"Basi mkwangue ile mbaya," akasema Koku. "Kwa nini mguu mzima?"

Hapo ningesema kwamba ubaya una mizizi inayokwenda mbali kuliko macho yanavyoona, nikaishia hapo. Lakini mlango ulikuwa wazi, na nje ya mlango kulikuwa na nini? Migomba. Kwetu ukifumbua macho unaona mgomba. Nikamwuliza: babu akiona mgomba umeingiwa na wadudu shinani, anakwangua?

"Anaukata. Chini kabisa."

"Kwa nini?"

"Usipoukata wadudu wanahamia mingine, shamba lote linakufa."

"Ndivyo mguu ulivyo."

Koku akatazama nje kwa muda, akamtazama mdogo wake, na uso wake ukafunguka kabisa. Nilijisifu sana pale, moyoni niliona ningefaa kuwa mwalimu. Alitoka mbio mpaka kwenye mtumbwi alikokaa babu yake, nikamsikia akisema, "Babu, tumekubali! Kakatwe!"

Ningependa mngeuona uso wa Ta Bitegeko. Mtego wake mwenyewe ulikuwa umemshika mguu, na mguu wenyewe ule ule. Majirani walikuwepo, wamesikia ahadi yake, na hawakumwachia nafasi ya kupumua. Lori la mnunuzi wa kahawa lilipopita, wakampandisha juu ya magunia, nami nikapanda kumsindikiza. Watoto wengine wangelia. Koku alisimama barabarani akipunga mikono yote miwili na kupiga kelele, "Waambie wakate chini, babu! Chini kabisa!" Dereva aliniangalia kama mtu aliyebeba wachawi. Njia nzima mpaka tulipofika Bukoba, Ta Bitegeko hakunisemesha.

Walimkata juu ya goti, kwa sababu ubaya ulikuwa umepanda. Alikaa hospitali mpaka kidonda cha kukatwa kilipofunga, majirani wakiwapikia watoto, akarudi na magongo mawili na hasira kidogo. Daktari alinipa maneno ya kubeba: kovu litazamwe kila mara, na kinena nacho kipapaswe, kwa sababu ugonjwa ule ukirudi unaanzia hapo. Zakaria alinishauri nisiwaambie nyumbani. Sema amepona, akaniambia, waache wafurahi.

Nilipata nafasi ya kwenda kumtazama baada ya muda. Nikabisha hodi, nikaitikiwa uani. Ta Bitegeko alikuwa amekaa kwenye kigoda, mgongo umeegemea ukuta, macho amefumba. Kigutu chake kilikuwa kimelazwa juu ya gunia, kimezungushiwa nyasi kavu vizuri, ndani ya nyasi kuna majivu, na juu ya majivu kuna samadi mbichi. Mugisha alikuwa ameshika kibuyu, anamwagilia maji polepole. Koku amechuchumaa, anachungulia.

"Mawe! Mama yangu!" nikapiga kelele. "Mnafanya nini?"

"Bado hakijatokeza," akasema Koku. "Lakini ni kiangazi. Mvua zikianza kitachipua."

Niliona giza. Samadi ndiyo nyumba ya pepopunda, wanangu. Sehemu ndogo tu ya ngozi ikiwa wazi, basi tumemtoa mzee kwenye saratani tumemkabidhi kwa kifo kibaya zaidi. Nilichemsha maji, nikaosha, nikakagua kila mstari wa lile kovu kwa kidole, huku nikimtukana Ta Bitegeko maneno ambayo msichana hamtukani mzee. Kovu lilikuwa limefunga lote.

"Wewe ulijua mguu hauchipui," nikamwambia. "Mbona umewaacha?"

"Nilijua, Nesi. Mimi si mjinga, nimepungua mguu tu." Akafungua macho. "Tangu nirudi wanalala usingizi. Mugisha anaongea. Anauliza kila asubuhi, babu, vidole vitaanza au kisigino kitaanza? Ungekuwa wewe ungemwambia nini?" Akajikuna ndevu. "Halafu samadi ni baridi. Inatuliza."

Nikawaita watoto. Nikamwambia Koku kwamba mguu wa mtu hauchipui.

"Ulisema ni mgomba."

"Nilisema unakatwa kama mgomba. Mtu ana mguu mmoja wa kushoto tu maisha yake yote."

"Mbona hukusema siku ile?"

Koku alimpokonya Mugisha kibuyu, akakitupa kikapasuka, akakimbilia migombani, tukamsikia akilia kule kwa hasira. Mugisha alikuja kukaa karibu na kigutu, akakipangusa maji kwa shati lake. Ta Bitegeko akaniambia niende nyumbani, nimefanya kazi ya kutosha siku hiyo. Nikafunga mfuko wangu. Kabla sijafika kwenye uzio, Koku akatoka migombani, uso umevimba, akasimama mbele yangu akaziba njia.

"Na ule ugonjwa? Nao hauchipui?"

Nawaambia ukweli, nilitaka kudanganya. Neno la Zakaria lilikuwa tayari mdomoni: amepona, mwanangu, nenda kacheze. Nilimpenda yule mtoto, na nilikuwa nimeshamliza mara moja siku hiyo. Lakini nilikuwa nimemwachia nusu ya maneno mara ya kwanza, na mmeona tulivuna nini.

"Ule unaweza kuchipua," nikamwambia. "Si lazima. Unaweza."

Alifikiri. "Yaani mguu mzuri hauchipui, na uchafu ndio unachipua?"

"Ndiyo."

"Nani alipanga hivyo?"

"Kamwulize mchungaji."

Alimwuliza kweli, Jumapili, mlangoni mwa kanisa, watu wote wakisikia. Mchungaji akamwambia akamwulize nesi.

Kwa hiyo nilimfundisha la kufanya, maana sikuwa na kingine cha kumpa. Nilimshika kidole nikakipitisha kwenye kovu: hapa ni laini, ukikuta pagumu njoo. Hapa pamefungwa, ukikuta pamefunguka njoo. Ukiona kitu kinapanda, hata kidogo kama punje ya mtama, usimwulize babu, njoo. Tulipofika kwenye habari ya kinena, Ta Bitegeko alivuta shuka. "Huko nitakagua mwenyewe," akasema. "Mjukuu abaki na kovu lake."

Tangu hapo, kila mwezi walipanda kilima kuja kituoni, mzee kwa magongo, Koku akimsukuma mgongoni. Alikuwa hasubiri foleni. Alifika mlangoni, shikamoo Nesi, halafu kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Hakijachipua!" Wagonjwa wapya walishtuka, wa zamani walipiga makofi. Akiwa hapo alikagua na miundi ya waliokaa kwenye benchi. Mtu mwenye kidonda cha muda mrefu aliulizwa kina umri gani, na akijibu vibaya alisutwa na mtoto mbele za watu. Tulipata vidonda vichanga kuliko zamani, vinavyopona kwa chumvi na jani. Zakaria alisema ni matunda ya mahubiri yake. Ta Bitegeko hakurudi mtumbwini kamwe. Alikaa kwenye kigoda akiwatukana wanaokanda, na rubisi ikawa safi, na watu wakalalamika kwamba ladha imepotea. Baba wadogo hawakupata mbuzi wao.

Mnataka niwape kanuni? Sina. Nenda na karanga. Kaa chini. Uliza kwanza mtoto anajua nini, na umtafute yule anayejiona ndiye aliyesababisha, kwa kuwa karibu kila nyumba anakuwepo. Sema nani atawapikia mkubwa akiwa hospitali, maana swali hilo wanalo hata wasipolitamka. Na ukitumia mfano, ufuate mpaka mwisho wake uone unaishia wapi, kabla mtoto hajaufuata peke yake.

Koku alikua, akawa msichana wa shule, miguu mirefu, hatanii. Zakaria alikuwa amestaafu na kurudi kwao Muleba. Asubuhi moja nilikuwa nachemsha sindano nikamwona Koku anapanda kilima peke yake, kanga mpya imefungwa kiunoni. Nikatoka nje kumtazama mzee yuko wapi nyuma yake. Hakukuwa na mtu njiani.

"Shikamoo, Nesi."

"Marahaba. Babu yako wapi?"

"Amefariki usiku. Ni kifua, alikohoa siku chache tu, akasema hataki kusumbua watu." Akaikaza kanga yake kiunoni. "Kabla hawajamvika sanda nilimwomba baba mdogo aangalie kinena. Kovu nikaangalia mimi mwenyewe, nilipitisha kidole kote kama ulivyonionyesha. Hakikuchipua."

Nililia pale mlangoni, mbele ya wagonjwa, na sikujali. Nililia kwa huzuni, na nilikuwa na furaha pia, sioni haya kuisema. Koku alinishika mkono mpaka nikamaliza. Halafu akaniambia niondoe sindano motoni, nifunge kituo, twende tukamzike babu.